Orodha Yangu Isiyo na Majina

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku njema kupita kiasi! Kanuni yangu imeanza kazi rasmi. Nimevaa tai.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa: mimi ni Afisa Ubora wa chuo hiki. Ofisi nzima ni mimi, kompyuta, na kabati lenye milango miwili, mmoja unafunga. Lakini tangu Januari nina pia Kituo cha Mafanikio ya Wanafunzi, chumba namba nne, ghorofa ya chini, mkabala na lango. Nilikipigania chumba hicho. Nilimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo kurasa kumi na moja kwamba mafanikio lazima yaonekane na kila anayeingia, hayafai kufichwa ghorofani. Akakubali kwenye ukurasa wa tatu, nadhani ili asifike wa nne. Zamani kilikuwa chumba cha darasa tu. Sasa kina kibao cha shaba, meza ya duara, viti vinane, na ua kwenye chungu.

Wanafunzi waliokuja kufanikiwa mpaka leo: mmoja. Alitaka kuchaji simu.

Kanuni yenyewe ni hii: mwanafunzi aliyehudhuria chini ya asilimia sabini na tano ya vipindi vya kozi hatafanya mtihani wa mwisho wa kozi hiyo. Fupi. Safi. Seneti, yaani kile kikao cha wakubwa wa taaluma, iliipitisha kwa majaribio. Ijumaa ya wiki ijayo nitawasilisha orodha ya kwanza. Siku hiyo hiyo atatajwa mwenyekiti wa Kamati mpya ya Mafanikio. Sisemi kitu. Ila nimeshajaribu saini yenye neno "Mwenyekiti" chini yake. Inakaa vizuri.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Jirani amenikera. Jirani ni Afisa Mitihani; mlango wake na wangu unatazamana. Benchi lililo nje ya mlango wake halijawahi kupoa. Leo nilihesabu watu kumi na wawili kabla ya saa tano. Nje ya mlango wangu kuna benchi jipya, refu kuliko lake. Alikaa paka.

Nilijipitisha kwake mara nne nikijifanya natafuta karatasi. Nilitaka kujua siri yake. Hana fomu! Hana hata moja. Anamwuliza mtu shida yake, kisha ananyamaza. Huo nao ni mfumo?

Mara ya nne akanidaka. Akauliza kama nimesoma barua zake tatu. Nikamjibu kwamba barua zote huhifadhiwa kwenye faili la Maoni ya Wadau. Akasema hakuuliza zimehifadhiwa wapi. Nikamwambia faili ni la njano. Akanitazama kama mtu anayetazama bomba linalovuja nyumbani kwa watu.

Ananiita Bwana Asilimia. Nimeamua kulichukua kama cheo.

Huyu anautaka uenyekiti. Hakuna maelezo mengine.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Orodha imetoka! Watu arobaini na mmoja! Na hapa ndipo penye akili yangu: hakuna majina. Ni namba za usajili tu, zimepangwa kutoka ya kwanza hadi ya arobaini na moja. Hakuna mtoto wa fulani. Hakuna upendeleo. Hata mimi mwenyewe sijui ni akina nani, na naona fahari kutojua.

Kozi iliyoongoza kwa utoro ni Upimaji na Tathmini katika Elimu: watu tisa. Hebu fikiria! Walimu wa kesho wanaikimbia kozi ya kupima! Kwenye ripoti nikaandika, "Chanzo: uzembe." Kisha nikaupigia uzembe mstari.

Jioni nilimsimulia Dada tukinywa chai. Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne, yeye kumi na saba. Akaacha shule, akashika cherehani, akanishonea sare kuanzia darasa la kwanza mpaka nikamaliza. Baadaye akafundisha watoto wa chekechea miaka ishirini na minane, kwa kicheti kidogo tu. Alipostaafu akaja kukaa kwetu. Mke wangu na mimi tulidhani amekuja kupumzika. Kumbe aliomba nafasi chuoni kimya kimya, akapata! Ana miaka hamsini na saba, mkoba wa zipu, na kalamu za rangi tatu. Wanafunzi wenzake wanamwita Shangazi. Huu ndio muhula wake wa mwisho. Akimaliza anakuwa mwalimu mwenye shahada.

Akaniuliza hao arobaini na mmoja itakuwaje. Nikasema kanuni ni kanuni. Akauliza hata kama mtu ana sababu. Nikamweleza kwa upole kwamba jedwali langu halina safu ya sababu. Akaniongezea chai, akanisogezea kipande cha mwisho cha mkate.

Dada ananielewa kuliko mtu yeyote.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Asubuhi: Makamu amenisifu mbele ya katibu wake! Amesema tangu aingie chuo hiki hajaona orodha safi namna hii. Nilirudi ofisini nikitembea kama bwana harusi.

Saa tisa alasiri: Jirani akaingia bila kubisha, akafunga mlango. Kwake ndiko namba zinakogeuzwa kuwa majina, kwa ajili ya kadi za mtihani. Akaitandaza orodha mezani, akaweka kidole.

"Namba kumi na saba," alisema. "Nimeandika jina kando. Soma."

"Mimi sisomi majina. Ndiyo maana ya mfumo."

"Soma, ndugu yangu."

Hajawahi kuniita ndugu yangu. Nikasoma. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Nikamwambia majina hufanana, huenda yuko mwingine. Akasema mwenye jina hilo, mwenye miaka hamsini na saba, aliyeniandika mimi kwenye fomu yake kama jamaa wa karibu, ni mmoja.

Dada. Upimaji na Tathmini. Mahudhurio: asilimia thelathini na moja.

Jirani hakucheka. Heri angecheka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Uchunguzi wa nyumbani. Kwa ujanja wa hali ya juu.

Nilimwuliza Dada, kama mtu anayeulizia mvua, vipindi vya Jumanne na Alhamisi vinakwendaje. Akasema vizuri. Nikauliza mhadhiri siku hizi anavaaje. Akasema nguo. Mke wangu akapaliwa na chai.

Nikahamia nyuma ya gazeti ili nimchunguze vizuri. Ndipo nikaona anavyoinuka kitini. Mkono mmoja mezani. Mkono wa pili kwenye kiti. Anavuta pumzi. Kisha magoti, moja baada ya lingine, kama anayaomba ruhusa. Tangu lini? Nikamfuata mke wangu jikoni, nikamwuliza. Akasema tangu mwaka jana, na nyumba nzima inajua isipokuwa Afisa Ubora.

Mchana Dada akanipigia pasi shati jeupe la kuvaa siku ya Seneti. Kifungo cha kola kilikuwa kimelegea, akakikaza. Akasema siku hiyo nisimame wima na nisijikune shingo, watu wajue nimelelewa.

Chakula kilinishinda.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mpango wa kwanza: kirusi!

Nilimwendea Makamu nikiwa na uso wa msibani. Nikamwambia kompyuta yangu imeingiliwa na kirusi, orodha haiaminiki hata kidogo, bora tuiondoe. Sikujua kwamba angemwita fundi wa kompyuta hapo hapo. Fundi akakaa saa mbili. Akatoka akisema kwa miaka tisa hajaona kompyuta yenye afya kama ile. Akaihakiki na orodha, bila kuombwa. Kila namba ni ya kweli.

Makamu akanipiga bega. Akasema unyenyekevu wangu umemgusa. Akasema mtu anayejikagua hivyo ndiye anayefaa kushika kamati.

Nimesifiwa mara mbili katika siku mbili za kazi. Sijawahi kuwa mnyonge namna hii.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Leo nimeamua kuona kwa macho yangu. Kipindi cha Upimaji, saa nne kamili. Kwa mujibu wa ratiba: ghorofa ya nne, chumba cha mwisho. Lifti imebandikwa karatasi, "Inatengenezwa." Karatasi yenyewe imeshageuka rangi ya chai. Nikapanda kwa miguu. Vidato tisini na sita! Kwenye cha hamsini nililegeza tai. Kwenye cha sabini niliivua. Kwenye cha tisini nilianza kuwasamehe adui zangu.

Mhadhiri alinisubiri nipate sauti. Nikamwuliza, kwa ule ukali wa kiofisi uliobaki, kwa nini anawafundisha watu kwenye kiota cha ndege. Akasema kwa miaka sita walisomea chini, chumba namba nne.

"Kisha ukaja wewe na kibao chako," alisema.

Nikashuka. Polepole. Kila kidato kilinitukana.

Chini kabisa, nyuma ya ubao wa matangazo, nikasikia sauti za watu. Nikachungulia. Walikuwa wameketi kwenye vidato vya mwanzo na madaftari magotini: mama mwenye mimba kubwa, bwana mmoja wa mkongojo, mwenye pumu na dawa yake ya kuvuta, na wengine, kila mmoja na lake. Nikawahesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Wanane. Madaftari waliazima kwa wenzao wanaofika juu. Na wa tisa, aliyesimama mbele yao, ameegemea ukuta ili kupunguzia magoti uzito, kalamu ya kijani mkononi, alikuwa Dada. Anafundisha!

"Mtihani ni kumwuliza mtoto anajua nini," alikuwa akisema. "Ukianza kumvizia kwa asichojua, huo umeshakuwa mtego. Haya, andikeni hivyo, lakini kwa maneno yenu, msininakili."

Bwana wa mkongojo akauliza kama wana haja ya kuandika, kwa kuwa wamesikia kuna orodha ya kuzuiwa.

"Wakubwa wataamua yao," Dada alisema. "Sisi tusome kama watu watakaofanya mtihani."

Nilikuwa nimeuegemea ubao wa matangazo kupita kiasi. Ukaanguka. Mimi juu yake.

Wenzake walipoondoka, wakiniruka kwa heshima, nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa umefurahi sana, mdogo wangu," alisema. "Ulikuja nyumbani umekipakata kile kibao kama mtoto mchanga, ukatuonyesha mmoja mmoja mpaka mlinzi wa nyumba ya pili. Sasa mimi nikuambie nini? Nikuambie umeniondolea darasa?"

"Ndiyo!"

"Haya. Umeniondolea darasa."

Kisha akainama kwa taabu, akaniondoa pini ya matangazo iliyokuwa imenichoma sikioni, akaangalia kama imetoa damu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimefungua faili la njano. Barua ya kwanza, ya Januari: Jirani anaomba darasa la Upimaji lirudishwe chini, wako wasioweza kupanda. Ya pili: sababu ya kila mmoja wa wale tisa, na vyeti vya daktari. Ya tatu ina mstari mmoja. "Mwenzangu, unasoma kweli?"

Nikatoka nje, nikatembea uwanja mzima, nikarudi. Hapo ndipo ulipokuja mpango wa pili. Rahisi! Namba kumi na saba ifutike. Mstari mmoja tu, nani atajua? Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo kabla moyo haujajibu. Orodha ikabaki arobaini. Aliyekuwa wa kumi na nane akapanda kuwa wa kumi na saba, kama hakukuwahi kuwa na mtu pale.

Mchana nikakimbia nyumbani na habari njema. Dada alikuwa anaosha vyombo. Nilitarajia kukumbatiwa. Akafunga bomba.

"Na wale wanane?"

Nikasema wale wanane si dada zangu.

"Basi rudisha namba yangu."

"Dada, utapoteza mwaka mzima! Una miaka hamsini na saba!"

"Miaka yangu naijua. Nimesema rudisha." Mikono ilikuwa inamdondoka povu. "Nilikaa kwenye kile cherehani mpaka vidole vikaota sugu. Ulifikiri nilikuwa nakusomesha ili uje unifiche mimi uvunguni na wenzangu uwaache sebuleni wanyakuliwe?"

Hajanifokea hivyo tangu niko darasa la nne. Nikasimama pale na tai yangu. Kisha akafuta mikono, akanipakulia chakula, akakaa pembeni yangu mpaka nikamaliza sahani. Ni mtu pekee ninayemjua anayeweza kukukasirikia na kukulisha kwa wakati mmoja.

Nikarudi ofisini, nikarudisha namba. Ikakaa pale pale pake.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimekwenda kwa Jirani. Sikujipitisha; nimekwenda. Nilikaa kwenye benchi mpaka zamu yangu ifike, mbele yangu watu watano. Lina joto kweli lile benchi.

Nikamwambia nimesoma barua. Hakusema "leo ndiyo unasoma?" Alinivutia kiti, akaniuliza shida yangu, kisha akanyamaza. Na jambo la ajabu ni hili: ukinyamaziwa namna ile, unasema. Nilisema yote. Kibao, kirusi, namba niliyoifuta, hata ile saini ya mwenyekiti. Machozi yakanitoka kidogo. Yeye akasema siku hizi mafua ni mengi, akanisogezea karatasi laini.

Nikamwuliza kama bado anautaka sana uenyekiti. Akaangua kicheko mpaka mtu wa kwenye benchi akachungulia. Akasema hajawahi kutaka uenyekiti wa kitu chochote duniani. Hata kwenye harusi yake mwenyewe aliomba akae pembeni. Anachotaka ni chumba namba nne kirudi kuwa darasa. Basi! Na mimi miezi miwili yote nimekuwa nikimkaba kama beki wa fainali!

Akanipa karatasi moja. Upande wa kushoto, namba zangu arobaini na moja. Upande wa kulia, kwa mwandiko wake mdogo, alichoambiwa na kila mmoja alipomwuliza. Namba nane: wiki tano kitandani hospitalini. Namba kumi na nne: amefiwa na mume. Namba ishirini na sita: zamu ya asubuhi kiwandani. Namba thelathini: haamki tu, amekiri mwenyewe.

Nilishukuru kumpata angalau mvivu mmoja.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Seneti. Shati jeupe. Nimesimama wima. Sikujikuna shingo.

Makamu alianza kwa kunimwagia sifa hadi nikaanza kujipenda upya, jambo ambalo ni la hatari. Kisha akanipa nafasi. Nilikuwa na hotuba ya toba, kurasa sita, niliyoiandika kwa mkono. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye wa pili, pale palipoandikwa "kosa ni langu", ulimi ukakata kona wenyewe. Nikailaumu lifti. Dakika nne nzima! Nikamlaumu fundi wa lifti. Nikamlaumu aliyechora jengo, ambaye ni marehemu. Jirani alikuwa kiti cha tatu kutoka kwangu, ametulia, anatazama kalamu yake.

Profesa mzee wa hesabu, yule anayesinzia kila kikao, akafumbua macho.

"Kabla hawajapanda juu," aliuliza, "hawa watu walikuwa wanasomea wapi?"

Jirani angeweza kujibu. Majibu yote anayo, na nakala zake. Aliniachia mimi.

"Chini," nikasema. "Chumba namba nne. Nilikichukua mimi."

"Kwa ajili gani?" Makamu aliuliza.

"Kwa ajili ya mafanikio ya wanafunzi."

Hakuna aliyecheka, lakini watu watatu walianza kupanga karatasi zao upya.

Hapo mlango wa moyo ukawa umefunguka, nikatoa vyote. Barua tatu. Faili la njano. Neno uzembe na mstari wake. Nikasema namba kumi na saba ni dada yangu, ndiye aliyenilea, na simwombei yeye, amenikataza. Nawaombea wote. Kisha nikagawa nakala za karatasi ya Jirani. Wakasoma. Chumba kile kina wasomi thelathini wanaoweza kubishana kutwa juu ya nukta, na kwa dakika nzima hakuna aliyesema kitu. Profesa wa hesabu akaweka karatasi chini, akasema hesabu yangu ilikuwa sahihi yote, ila nilikuwa nimehesabu nusu ya ukurasa.

Maazimio. Kanuni isimamishwe mpaka kila aliye kwenye orodha asikilizwe na apewe jibu. Wale tisa wafanye mtihani. Darasa la Upimaji lirudi chumba namba nne kuanzia Jumanne. Namba thelathini aitwe, apewe onyo na saa ya kengele. Mwenyekiti wa Kamati: Jirani. Akakataa. Wakamchagua. Akakataa tena. Wakampigia makofi, mimi kwa nguvu zaidi, na nashangaa kwamba sikuwa najilazimisha. Mimi: nisiguse orodha yoyote yenye ndugu yangu, na Kituo kihamie stoo ya viti nyuma ya maktaba.

Nyumbani nilimkuta Dada amekaa kibarazani, amejifanya anasoma. Kitabu kilikuwa juu chini. Nikamwambia wote tisa. Akasema sawa. Akageuza kitabu. Kisha akafunika uso nacho, na mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikakaa pale kwenye sakafu kando ya magoti yake, kama nilivyokuwa nikikaa zamani cherehani kikiwa kinalia juu ya kichwa changu.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Saa nne kasorobo Dada aliingia chumba namba nne bila kupanda hata kidato kimoja. Akachagua kiti cha mbele, akapanga kalamu zake tatu. Mama mjamzito amewekewa kiti cha pili cha kuegeshea miguu. Bwana wa mkongojo aliuegemeza mkongojo wake dirishani, akaketi, akapumua kwa sauti mpaka watu wakacheka.

Mimi nilikuwa nje, nakagua vioo vya madirisha. Ni kazi ya Afisa Ubora.

Mhadhiri akauliza swali. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Dada. Alijibu kwa kirefu, na mhadhiri akaandika kitu kwenye karatasi yake mwenyewe!

Wakati wa mapumziko akafungua dirisha, akanipa nusu ya mkate wake. Akasema vioo vimeshakaguliwa vya kutosha, sasa niende kazini. Nikaenda. Stoo ya viti ina dirisha moja na inanukia vumbi la chaki. Si pabaya.

Jumamosi, tarehe 19 Aprili

Sijaandika mwezi mzima. Mitihani ilifika, ikapita. Dada aliporudi kutoka kwenye ule wa Upimaji alisema tu kwamba ulikuwa mtihani wa haki, akaomba maji ya kunywa. Mimi nilikuwa na shughuli nzito. Na sasa naweza kuitangaza, angalau kwa shajara.

Tuzo ya Mwaka ya Afisa Msikivu!

Chuo kizima kishindane. Alama mia. Vigezo ishirini na vinne, nitavipanga mwenyewe. Maoni ya watu yatatuchelewesha tu. Wazo limenijia kutokana na yote yaliyotokea, maana mtu lazima aendelezwe na maisha. Mshindi wa kwanza sitaki kumtaja. Ila nimeshapima ukuta wa stoo, na cheti kinaenea.

Nimejifungia chumbani tangu asubuhi nikiandika. Nyumba haina utulivu kabisa! Mke wangu amebisha mara moja. Binti yetu amebisha mara mbili. Dada amebisha mara tatu. Amesema kuna kitu kutoka chuoni kimeingia kwenye simu yake, anataka mimi niwe wa kwanza kukiona, hata dakika haifiki. Nimemjibu kwa upendo kwamba niko katikati ya sentensi. Akasema haya, atasubiri. Nikasikia akivuta kiti hapo nje ya mlango.

Sasa sebuleni kuna vigelegele. Na sauti ya Jirani! Jumamosi! Amefuata nini kwetu? Imebidi niwaombe kupitia tundu la ufunguo wapunguze kelele, kuna mtu anafanya kazi humu.

Kigezo cha kwanza: "Afisa aache mara moja alichoshika, mtu anapobisha."

Kimekaa vizuri sana. Wanabisha tena. Nitawafungulia nikimaliza cha ishirini na nne.